Kutoka Mlali Kupanda Ukaguru
Watalii hulipa fedha nyingi kule Peru ili washuke na kiongozi kutoka milima ya Andes hadi msitu wa mvua wa Manu. Sisi wa Mlali, wilayani Kongwa, safari ya namna hiyo tunayo, ila yetu ni ya kupanda: unaacha mibuyu na mashamba ya uwele ya Ugogo, unaelekea mashariki, na juu ya milima ya Ukaguru unakuta ukungu na miti iliyofunikwa na kuvumwani. Pepo za Bahari ya Hindi humwaga mvua upande ule, kwetu zikafika kavu. Waingereza walioleta Kongwa mpango wao wa karanga mwaka 1947 waliuonja ukame huo. Msituni yumo chura Churamiti maridadi, aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2002, hajulikani popote pengine duniani. Inaniuma kwamba watoto wetu hawamjui. Vijana wa vijiji vya mlimani, wanaojua vijito na miti ya dawa, wafundishwe na Wakala wa Huduma za Misitu kuongoza wageni, na sehemu ya kiingilio ibaki kijijini, ilipie zahanati na doria ya moto wa kiangazi.