Barua Hai Isimwache Mtu Ng'ambo

Tangu barua pepe ianze kutumika katika shule zetu, tumekuwa na hakika ya jambo moja: neno lililotumwa limetumwa. Mwalimu akiandika kwamba mtihani utafanywa Jumatatu, wapokeaji wote huisoma Jumatatu hiyo hiyo. Na ikiwa amekosea, hana budi kuandika barua ya pili kuisahihisha ya kwanza. Siku hizi hakika hiyo imetikisika. Programu ya barua pepe ya Outlook, inayotolewa na kampuni ya Microsoft, inamruhusu mwandishi kutia ndani ya barua yake kipande kinachoendelea kuandikika hata baada ya barua kutumwa. Kampuni yenyewe hukiita Loop. Mimi katika makala haya nitakiita kipande hai.

Ningependa kukijadili kipande hiki kwa sababu naona kinapokelewa kwa shangwe na baadhi ya walimu bila ya kupimwa. Rai yangu ni hii: kipande hai ni ubao, wala si barua. Anayekitumia kama ubao atafaidika nacho sana. Anayekitumia kama barua atawaacha wenzake gizani, na siku moja atajikuta hana ushahidi wa alichokisema.

Kwa asiyepata kukiona, yafaa nieleze kinavyofanya kazi. Mwandishi huweka katika barua yake jedwali, orodha ya kazi, au aya tupu, kisha huituma kwa wenzake. Kila aliyepewa ruhusa huandika pale pale ndani ya barua, na wengine huyaona maneno yake yakijitokeza herufi baada ya herufi. Hakuna tena haja ya kutumiana viambatisho saba vya waraka mmoja, kila kimoja na masahihisho yake, hata isijulikane kipi ndicho cha mwisho. Lakini siri ya mambo ni kwamba yaliyoandikwa hayamo ndani ya barua. Yamo katika faili lililohifadhiwa kwenye ghala la mtandaoni la mtumaji, liitwalo OneDrive. Barua ni dirisha tu. Chumba chenyewe kiko kwa mwenye nyumba.

Siwezi kukana manufaa yake, hasa kwetu sisi tukaao Shika Adabu. Wadi yetu ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Likoni, na mwalimu wa huku akitaka kukutana na wenzake wa kisiwani hana budi kupanga foleni katika kivuko na kungoja feri, au azunguke mbali kwa barabara ya Dongo Kundu. Mkutano wa saa moja huweza kumla mtu alasiri nzima. Walimu watano wa somo moja wakitaka kutunga mtihani wa pamoja, kipande hai huwaondolea safari hiyo. Mmoja huandika swali la ufahamu akiwa Likoni, mwingine akalipunguza urefu akiwa Kisauni, wa tatu akatia alama akiwa Changamwe. Fauka ya hayo, Mtaala wa Umilisi umeyataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, sambamba na ujuzi wa kidijitali. Mwanafunzi anayejifunza kuandika pamoja na wenzake anajifunza jambo atakalohitajia maishani.

Wala fikira yenyewe si ngeni. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mtaalamu wa Kimarekani Douglas Engelbart aliwaonyesha watu ukumbini jinsi yeye na mwenziwe aliyekuwa Menlo Park, umbali wa kilomita zipatazo 50, walivyoweza kuushughulikia waraka mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka 2009 kampuni ya Google ilitangaza chombo kiitwacho Wave, kilichokusudiwa kuifanya barua na mazungumzo kuwa kitu kimoja kilicho hai. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilitangaza kwamba haitakiendeleza, kwa kuwa watu hawakukipokea kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2012 kikafungwa kabisa. Microsoft nayo iliitangaza Loop mwaka 2021. Mafunzo ya Wave hayafai kusahauliwa: chombo cha mawasiliano kinachomtaka kila mtu awe ndani ya nyumba ile ile huwa na mashaka, kwa sababu watu hawakai nyumba moja.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kasoro ya kwanza. Jina la Outlook ni moja, lakini programu zenyewe ni kadhaa. Iko ile kongwe ya tarakilishi, iliyozoeleka kwa miaka mingi. Iko ile mpya, iliyotangazwa rasmi kwa watumiaji wa kazini mwaka 2024. Iko ya kwenye kivinjari cha mtandao, na iko ya simu. Juu ya hayo, wako wenye toleo la kulipia kila mwaka, na wako walionunua mara moja toleo la 2016 au 2019 na wakaridhika nalo. Matoleo haya hayakioni kipande hai kwa jicho moja. Palipo na toleo linalokikubali, jedwali hufunguka ndani ya barua na mtu akaandika. Pasipo na toleo hilo, au pale mpokeaji anapotumia programu ya kampuni nyingine, huonekana kiungo tu cha kubonyeza. Na akikibonyeza, ikiwa hana akaunti inayotambuliwa na taasisi ya mtumaji, huenda akakuta mlango umefungwa.

Nimeyashuhudia hayo. Katika jopo moja la walimu nililolihudhuria, barua ya kugawana kazi ilitumwa na jedwali lake ndani. Waliokuwa na programu mpya walijaza majina yao usiku ule ule. Wawili, ambao hutegemea simu zao na akaunti za kibinafsi, waliona mstari mmoja wa kiungo usiofunguka. Kikao kilipofika, wao ndio walioulizwa kwa nini hawakushughulika. Hawakuwa wavivu, barua haikuwafikia, ingawa katika sanduku lao ilionekana imefika. Dhuluma ya namna hii ni mbaya kwa sababu haina kelele. Mtumaji haoni kwamba mwenzake ameona kiungo kitupu, naye mpokeaji huona haya kusema kwamba hakuelewa.

Wako watakaojibu kwamba dawa ni nyepesi: wenye programu za zamani wanunue mpya. Ni kweli kwamba matoleo ya 2016 na 2019 yalikoma kupata huduma ya kampuni tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa ajili ya usalama ni vyema shule ziyaache. Hata hivyo, kampuni hiyo hiyo imeahidi kuendelea kuitunza Outlook kongwe hadi angalau mwaka 2029, kwa hiyo utofauti huu utakuwa nasi kwa miaka. Isitoshe, shule inayochagua baina ya kununua vitabu na kununua leseni haiwezi kulaumiwa kwa kuchagua vitabu. Feri ya Likoni humvusha mwenye gari, mwenye mkokoteni na mwenda kwa miguu. Haimwambii mtu arudi nyumbani akabadilishe viatu kwanza. Barua nayo ndivyo ipasavyo kuwa.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo yahusu kumbukumbu. Barua ni ushahidi. Mwalimu mkuu akiandika kwamba kamati iliafikiana hivi na hivi, barua ile hukaa, na mwaka ujao itasomwa vile vile ilivyoandikwa. Kipande hai hakina tabia hiyo. Maafikiano yaliyosomeka asubuhi huweza kusomeka vingine jioni, na mtu akifungua barua ya mwezi uliopita ataona maneno ya leo. Watetezi watasema kwamba faili huhifadhi historia ya mabadiliko, na ni kweli. Lakini historia hiyo humtaka mtu alifungue faili lenyewe na ajue pa kuitafuta, na wengi wetu hatujui. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B, inazikubali rekodi za kielektroniki kwa masharti, likiwemo la cheti kinachoeleza jinsi rekodi ilivyotolewa. Ni nani atakayetia sahihi cheti cha waraka ambao kila mmoja alikuwa na kalamu yake juu yake?

Fikirieni orodha ya alama. Jedwali lenye majina ya wanafunzi na alama zao likitumwa likiwa hai, na ruhusa ya kuandika wakawa nayo watu ishirini, kidole kimoja kilichoteleza juu ya simu chaweza kuigeuza 71 kuwa 17. Mwanafunzi aliyekesha akisoma ndiye atakayelipa. Aidha, alama za mtoto ni taarifa zake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezishika azilinde. Orodha ya namna hii haifai kuwa hai hata kwa saa moja.

Kasoro ya tatu hutokana na ile siri niliyoitaja, kwamba chumba ni cha mwenye nyumba. Mwalimu aliyetuma kipande akihamishwa au akastaafu, na akaunti yake ikafutwa, ghala lake nalo hufutwa baada ya muda. Kwa kawaida ni siku 30, msimamizi wa mfumo asipopanga vinginevyo. Baada ya hapo barua zitabaki katika masanduku ya watu, lakini madirisha yake yatakuwa yanatazama kiwanja kitupu. Kazi ya jopo zima itakuwa imeondoka na mtu mmoja.

Je, tukitupe chombo hiki? La, hasha. Ubao haukutupwa darasani ati kwa sababu hufutika. Tunaandika ubaoni wakati fikira zinapikwa, kisha mwanafunzi hunakili daftarini yale yaliyoiva. Napendekeza tufanye vivyo hivyo. Kipande hai kitumike wakati wa kutunga, kugawana kazi na kukusanya maoni, baina ya watu ambao imehakikishwa kwamba wote wanakiona. Kabla ya kukitegemea, mtumaji aulize kwa maneno ya kawaida: je, nyote mnaliona jedwali? Asiyeliona atumiwe maneno yale yale yakiwa maandishi ya kawaida, bila ya kuombwa radhi wala kuomba radhi. Kazi ikikamilika, ruhusa ya kuandika iondolewe, yaliyoafikiwa yanakiliwe katika waraka usiobadilika wenye tarehe, na waraka huo ndio utumwe kwa wote na kuhifadhiwa na shule, si na mtu binafsi.

Kwa wanafunzi nina neno lao. Kuandika pamoja si kuandikiana. Aliyefuta sentensi ya mwenziwe bila ya kumwambia amemkatiza kauli, ingawa hakufungua kinywa. Mbadilishe kwa maelewano, na kila mmoja ajue sehemu yake, ili mwalimu anapouliza nani aliandika aya ya tatu, pasiwe na kutazamana.

Kata yetu imeitwa Shika Adabu, na jina hilo lina funzo hata kwa mambo ya tarakilishi. Wahenga walisema adabu si adhabu. Faida yake yaonekana mtu akuapo. Adabu ya barua ni kwamba anayeandikiwa aweze kuisoma, na aliyeandika asimame na neno lake. Matoleo ya programu yatakuja na kupita, na majina yake yatabadilika. Masharti hayo mawili yalikuwapo enzi za karatasi na stempu, na sioni sababu ya kuyaacha leo.