Mashua Kuukuu Yenye Ngozi ya Kioo

Ukiuziwa mashua kuukuu iliyopakwa rangi mpya, usiitazame rangi. Chukua nyundo ndogo, uigonge polepole toka omo hata tezi, ukitega sikio. Mahali panapolia kwa sauti kali na safi, ubao ungali mzima. Mahali panapojibu kwa sauti nzito, kama boga lililooza, hapo pana hatari, wala sidhani muuzaji atakuambia.

Tokea miaka ya 1950, huko Marekani na Ulaya, mashua nyingi za mbao zilivikwa kitambaa cha nyuzi za kioo, kiitwacho faibaglasi. Kitambaa hicho kililowanishwa kwa gundi ya poliesta, kikakauka kuwa kigumu kama gamba la kobe. Wenye mashua walifurahi: hakuna tena kuziba nyufa kwa pamba, hakuna tena kuvuja! Lakini wengi walizivika mbao zilizokwisha kuchoka, wakidhani wameziponya. Kumbe ubao hulowa ukavimba, hukauka ukanywea. Kioo hakivimbi wala hakinywei. Vitu hivyo viwili huvutana, mpaka poliesta, ambayo haiushiki ubao kwa nguvu nyingi, ibanduke. Ndipo maji ya mvua huingia penye tundu la parafujo, yakashuka kati ya ubao na ngozi yake, yasipate njia ya kutokea. Humo kuvu hustawi. Tena maji ya mvua na ya ziwa huozesha upesi kuliko ya bahari, kwa kuwa chumvi huizuia kuvu hiyo. Kwa nje mashua yaonekana nzima. Siku ya mawimbi hupasuka ikiwa na watu ndani.

Basi anayetaka kuitengeneza asianze kwa kununua kitambaa kipya. Wengi hufanya hivyo, nao hula hasara mara mbili. Sharti ngozi ya zamani itoke. Palipolegea, patasi yatosha. Paliposhika, hupashwa moto kidogo, kisha hukwanguliwa. Vumbi lake ni vipande vya kioo: funika pua, mdomo na macho, na watoto wakae mbali. Kisha ngoja. Mashua ikae kivulini penye upepo kwa majuma mengi, hata miezi, maana jua kali litazipasua mbao. Kungoja huku ndiyo kazi ngumu kupita zote, nami nimeona mafundi hodari wakishindwa nayo.

Zikisha kukauka, chokoa kwa ncha ya kisu, hasa kando ya mkuku na kwenye ubao wa nyuma. Kisu kinapozama, kata, ukate na sehemu ya ubao mzima unaofuata, kwa sababu kuvu huwa imekwisha kufika mahali ambapo macho hayajaiona. Kiraka cha plaiwudi huunganishwa kwa mshazari: ubao wenye unene wa milimita 10 wataka mshazari wa milimita 80, ili gundi ipate nafasi ya kushika. Epoksi ni ghali kuliko poliesta, lakini huushika ubao vizuri zaidi. Parafujo za chuma zilizoshika kutu zing'olewe, zitiwe za shaba nyeusi.

Je, ivikwe tena? Ikiwa ni ya plaiwudi, na ivikwe: tabaka zake zimepishana, kwa hiyo haivimbi sana wala hainywei sana. Lakini ikiwa ni ya mbao zilizopangwa mojamoja, mimi nasema irudishiwe pamba yake. Mwenyewe atapata kazi kila mwaka, ni kweli. Walakini kila kasoro ataiona kwa macho yake. Siku ya kwanza majini itavuja, kwani mbao hazijavimba bado. Aiache imefungwa ufukoni siku mbili tatu, akikumba maji kwa ndoo, wala asipakie mtu.