Utulivu wa Mtaa Usitufanye Tusijuane



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, sisi ni wapenzi wa mifarishi. Tunapenda yale matandiko mazito yanayoshonwa kwa vipande vya vitenge, kanga na mashati yaliyochakaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka linapatikana tandiko la kumlaza mtoto au la kumfunika mgonjwa. Kazi hii haitaki mtaji mkubwa. Inataka sindano, uzi, subira na vipande. Na vipande haviji vyenyewe, inabidi kupiga hodi kuvitafuta. Ndiyo maana tumeona mambo ya mtaa ambayo mpita njia hayaoni.

Ukiwatajia watu wa Bujumbura jina la Buyenzi, watakumbuka magereji na msongamano wa soko la Ruvumera. Ni kweli. Lakini zipo barabara za ndani ambako baada ya sala ya Alasiri husikii ila cherehani ya fundi na watoto wa madrasa wakisoma. Wengi huusifu utulivu huo, na sisi tunaupenda. Hata hivyo tunaona utulivu uko wa aina mbili: wa watu wanaopendana, na wa watu wasiojuana. Kwa nje aina hizo mbili zinafanana, kama mfarishi ulioshonwa imara na ule uliopigwa bandi tu. Ukiuvuta ndipo utajua.

Siku moja tulikwenda kwa bibi mmoja kuchukua vipande alivyotuahidi. Tukakuta mlango umerudishwa, naye yuko kitandani siku ya tatu, hana wa kumchotea maji. Nyumba ya kulia ina watu, ya kushoto ina watu. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Kila mmoja alidhani bibi amekwenda kwa wanawe. Kilichokosekana si huruma, ni mazoea ya kupiga hodi.

Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, ametuamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima na masikini, kisha akamtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali. Na Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa Jibril alimuusia sana juu ya jirani, hata akadhani atamfanya kuwa mrithi. Haikuwekwa sharti kwamba jirani huyo awe wa dini yetu au wa kabila letu.

Wazee wa Buyenzi hawahitaji kufundishwa hili. Baada ya vita kuanza mwaka 1993, mitaa mingi ya jiji iligawanyika kwa kabila, lakini Buyenzi ulibaki na watu wa makabila mbalimbali wakiishi pamoja. Ujirani wa namna hiyo hauundwi siku ya hatari. Unashonwa kidogo kidogo siku za amani, kwa sahani ya futari, kwa kuazimana jiko, kwa kuulizana hali. Watoto wetu wameurithi mtaa. Je, tumewarithisha na uzi wake?

Tunao mfano mwingine wa kuvutia. Katika jimbo la Karnataka nchini India wapo Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika, ambao wazee wao walivushwa Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi kwa nguo kuukuu. Huanza ukingoni, wakazunguka mpaka wakafika katikati, na pembeni huweka vipande vidogo waviitavyo phula, yaani maua. Miongoni mwao wako Waislamu, Wakristo na Wahindu, na ushonaji huo wote wanao.

Wako watakaosema: blanketi la dukani ni rahisi, ya nini kujisumbua? Tunajibu kwamba blanketi la dukani linafunika mwili, nalo ni neema. Lakini halikupeleki kwa jirani. Isitoshe, nyuma ya kila fundi kuna mfuko wa vipande vinavyochomwa au kuishia kwenye mtaro, na mvua ikinyesha mtaro unaziba. Dini yetu inakataza israfu. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba alimuona Sayyidna Umar (r.a.), naye ni Amirul-Muuminina, nguo yake ina viraka vitatu baina ya mabega. Kiraka hakikumpunguzia heshima.

Basi ushauri wetu kwa kila familia ni huu. Wekeni mfuko mmoja wa vipande nyumbani. Watoto wapewe kazi ya kuvikusanya kutoka nyumba kumi za jirani, na wasirudi bila kuuliza: hamjambo, mgonjwa yupo? Wakati wa likizo wakae na bibi au shangazi wajifunze kushona. Wavulana wasiachwe nyuma, kwani Bibi Aisha (r.a.) ametuhadithia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Na kila mtoto anapozaliwa kwenye barabara yenu, awe wa Muislamu au wa asiyekuwa Muislamu, apelekewe mfarishi mdogo wenye kipande kutoka kila nyumba.

Mwanafunzi atakayesema hana muda, ajue kuwa mshono wa robo saa kila jioni unatosha. Mfarishi hauna haraka. Lakini mgonjwa wa nyumba ya pili hawezi kungoja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo zetu, awaponye wagonjwa wetu na aijaalie mitaa yetu utulivu wenye mapenzi ndani yake. Aamin.

Wabillahi tawfiq.