Hadithi za Watoto Wetu Zisifungiwe Kabatini

Mbolea ikichelewa, wakulima wa Ruvuma hulalamika mpaka sauti yao ikafika mkoani na wizarani. Meli ikikosa kwenda Pemba, abiria waliokwama gatini hawanyamazi. Lakini kipindi cha watoto kinapoondolewa katika televisheni hapasikiki neno, kwa kuwa waliopotelewa hawaandiki barua kwa mhariri, hawapigi kura, wala hawana mjumbe wa kuwasemea barazani. Leo tunapenda kuwasemea sisi, na maneno yetu tunayaelekeza kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba, na kwa maofisa wa Serikali zetu mbili waliopewa dhamana ya habari, utamaduni na elimu.

Mwaka 2010 televisheni ya watoto ya BBC nchini Uingereza ilianza kuonyesha mfululizo wa katuni ulioitwa Tinga Tinga Tales. Katuni hizo zilichorwa Nairobi, katika studio ya Homeboyz, na vijana wa Kenya ambao wengi wao walijifunza kazi hiyo humo humo kazini. Mwenye wazo na msimamizi wake alikuwa Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza, na kampuni ya Disney nayo ikaingia katika shughuli hiyo. Hadithi zake ni zile ambazo mtoto yeyote wa Afrika aliyelelewa na bibi yake angezitambua: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini mnyama huyu yuko hivi na yule yuko vile. Vilitengenezwa vipindi 52, kila kimoja cha dakika kama 11. Baada ya hapo kazi ikasimama.

Msomaji wa Songea ana haki ya kuuliza jina hilo lilitoka wapi. Lilitoka kwetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, katika mkoa huu huu wa Ruvuma. Kama vijana wengi wa kusini wa zama zile, alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam akiishi kwa vibarua vya namna mbalimbali. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao mwembamba, akitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, na picha zake zikawa zikiuzwa nje ya duka la Morogoro Stores huko Oysterbay. Mwaka 1972 alifariki kwa risasi ya polisi. Basi kazi yote iliyompa jina duniani aliifanya katika muda usiozidi miaka minne au mitano.

Tunaomba jambo hilo litazamwe kwa makini, kwa kuwa ndilo kiini cha hoja yetu. Mwaka 1972 uchoraji wa Tingatinga ulikuwa na kila sababu ya kufa. Mwenyewe alikuwa amezikwa, chuo hakikuwapo, wala ruzuku haikuwapo. Haukufa kwa sababu jamaa zake na wanafunzi wake, akina Simon Mpata na January Linda, walishika brashi wakaendelea. Baadaye wachoraji hao wakajikusanya pamoja, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika mjini Dar es Salaam. Walioufufua uchoraji huo walikuwa wenyewe, na kwa hiyo hadi leo unawapa watu riziki. Wazanzibari hawahitaji kuambiwa haya, maana anayepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe huziona picha hizo zimetundikwa kutoka mlango hadi mlango, zikinunuliwa na wageni wa kila taifa.

Katuni zilizochukua jina lake hazikuwa na bahati hiyo. Wenye mali walipoona vipindi 52 vimetosha, hapakuwa na mtu wa Tunduru, wa Dar es Salaam wala wa Nairobi aliyekuwa na uwezo wa kusema kazi iendelee. Na zilipofufuliwa, zilifufuliwa mbali. Mwaka 2018 hadithi hizo zilipanda jukwaani mjini New York zikiwa mchezo wa kuimba, kwa muziki wa Mkenya Eric Wainaina. Hatuna kinyongo na watoto wa New York, na tunampongeza mwanamuziki huyo kwa kuwabebea watoto wa mbali hadithi za nyumbani. Tunachosema ni kwamba hadithi ikiwa na mwenyewe mgeni, mgeni ndiye aamuaye ilale lini, iamke lini na iamkie wapi.

Tunakiri kwamba katuni ni kazi ya gharama. Televisheni huonyesha picha kama 25 kwa kila sekunde, hivyo kipindi cha dakika 11 kina picha zisizopungua elfu kumi na sita. Hata kompyuta ikisaidia, bado wanahitajika wachoraji, watunzi, wapiga muziki, wasemaji na mafundi, nao wote hula na kulipa kodi ya nyumba. Vipindi vyote 52 tulivyovitaja, ukiviunganisha, havifiki saa kumi. Mtoto anaweza kuvimaliza kwa siku moja ya mvua, ilhali watu wazima walivitolea jasho kwa miaka. Kwa hiyo hatushangai shirika la utangazaji linapopendelea kununua katuni za ng'ambo zilizokwisha kurudisha gharama zake huko zilikotoka na ambazo huuzwa kwa bei nafuu.

Lakini kushindwa kutengeneza kipya ni jambo moja, na kukifungia cha zamani kabatini ni jambo jingine. Kipindi cha watoto hakichakai kama taarifa ya habari. Kila baada ya miaka michache watazamaji wake hukua wakaondoka, na wengine wapya huketi mahali pao, nao kwao kila hadithi ni mpya. Waingereza wanalifahamu jambo hili. Katuni yao ya panya mpelelezi aitwaye Danger Mouse ilianza mwaka 1981, ikakoma mwaka 1992, na mwaka 2015 ikarudishwa upya, ikatazamwa na watoto ambao baba na mama zao waliipenda walipokuwa wadogo. Iliweza kurudi kwa sababu ilikuwa imehifadhiwa, inakumbukwa, na haki zake zinajulikana ni za nani. Palipo na mambo hayo matatu, kufuta kipindi ni kukilaza tu. Yasipokuwapo, kukifuta ni kukizika.

Hapa nyumbani tunalo la kujivunia, na kwa hiyo tunalo la kuhofia. Mwaka 2014 katuni za Ubongo Kids zilianza kuonyeshwa na TBC, zikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili na kwa nyimbo. Zikafuatiwa na Akili and Me kwa watoto ambao hawajaanza shule, habari ya msichana wa miaka minne anayeishi chini ya mlima Kilimanjaro. Hizi zimetungwa na kuchorwa Dar es Salaam, na zimevuka mipaka zikapendwa katika nchi nyingine za Afrika. Lakini taasisi inayozitengeneza haikuundwa kwa kutafuta faida, na kwa sehemu kubwa hutegemea wafadhili. Mwaka 2025, Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake kwa nchi za nje, kila mtu aliona jinsi mlango wa mfadhili unavyoweza kufungwa kwa siku moja. Je, ufadhili wa kazi kama hizi ukikoma kesho, ni nani kati yetu mwenye wajibu wa kuzishika zisianguke? Swali hili linapaswa kujibiwa leo, kabla ya msiba.

Ndugu zetu wa Visiwani wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa mbele ya nchi nyingi za Afrika, hali Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Wakati watoto wa Unguja walipokuwa wakitazama picha za rangi, watoto wa Songea walikuwa na redio na moto wa jioni. Aidha, hazina ya hadithi Visiwani haina kifani. Abunuwasi na visa vyake, Sungura na hila zake, majini, mabaharia na masultani, vyote hivyo vinangoja mchoraji. Nasi wa kusini tunazo hadithi za Wangoni, Wayao, Wamatengo na watu wa Ziwa Nyasa, tunazo ngoma za lizombe na mganda, na tunayo kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa Songea mwaka 1906. Kama hatukuzichora sisi, tusishangae siku moja kuziona zimechorwa na wengine, wakituuzia kwa lugha yao.

Wapo watakaotuambia kwamba nchi yenye uhaba wa madawati haina fedha za kuchezea katuni. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Ila mtoto ambaye hakupata nafasi katika shule ya awali, akiwa karibu na televisheni ya jirani, anaweza kujifunza kuhesabu na kutambua herufi bila kudai dawati. Na mtoto mwenye dawati akirudi nyumbani hutazama kitu. Hatuchagui kati ya katuni na kukosa katuni, kwa maana katuni zimo majumbani mwetu tayari. Tunachagua zizungumze lugha gani, na ziwe na macho ya nani.

Kwa sababu hizo tunazishauri Serikali zetu mbili mambo manne. Kwanza, TBC na ZBC zitenge saa maalumu za watoto, wakati ambapo watoto wako nyumbani, na saa hizo zisimezwe na mpira wala hotuba. Pili, mashirika hayo yashirikiane kununua haki za kuonyesha upya vipindi vizuri vilivyokwisha kutengenezwa Afrika Mashariki, na yadai viwe na sauti ya Kiswahili fasaha, BAKITA na BAKIZA zikisaidia. Tatu, kila kipindi cha watoto kinachopewa fedha za umma kiwekewe nakala katika hifadhi ya taifa, na mkataba wake ueleze wazi kitakuwa cha nani endapo mtengenezaji atashindwa. Nne, mamlaka za hakimiliki za Bara na Zanzibar ziwaelimishe wasanii wetu, hasa walioko mbali na miji mikubwa, ili jina la mtu au la kijiji likitumiwa kufanyia biashara duniani, wenyewe wawe mezani pale mkataba unapoandikwa.

Hayo hayahitaji mabilioni. Yanahitaji maofisa wa pande mbili wakutane, waandike na kutia saini, na mwaka unaofuata waulizwe walichofanya.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Misala mizuri imepita mbele ya watoto wetu, mingine ikiwa imefumwa kwa nyuzi zetu wenyewe, ikaenda zake. Mchoraji mmoja wa Tunduru aliacha kazi ya miaka michache, na maskini wenzake wakaihifadhi kwa zaidi ya nusu karne. Serikali mbili zenye mashirika ya utangazaji, wizara na bajeti haziwezi kukosa nguvu walizokuwa nazo wale wachoraji.