Kivu: Bibi anayesahau ni mgonjwa, si mlozi

Bibi anatoka nyumbani usiku bila viatu, anaongea peke yake, hamjui tena mtoto aliyemzaa. Asubuhi mtaa mzima umeshapata jibu: ni mlozi. Mwezi Septemba 2021, katika jimbo la Kivu Kusini, wanawake wanane walioshutumiwa uchawi waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto. Kundi la vijana wenye hasira halimpimi mtu ugonjwa. Linahukumu tu.

Madaktari wana jina la hali ya bibi huyo: demensia. Shirika la afya duniani, OMS, linasema watu milioni 57 walikuwa nayo mwaka 2021, wengi wao katika nchi maskini na za kipato cha kati.

Ubongo una askari wake, seli ziitwazo maikroglia, zinazosafisha uchafu na kupigana na vijidudu. Zikikaa vitani miaka mingi bila kupumzika, zinaanza kuumiza hata seli nzima. Ndiyo inflamasio ya ubongo: moto mdogo usiozimika. Watafiti bado wanabishana kama ndio unaoleta ugonjwa au unaufuata, lakini mara nyingi huonekana pamoja.

Walakini, mengi yanayoongeza hatari yanajulikana: tansio isiyotibiwa, kisukari, sigara, pombe nyingi, hewa chafu, kugonga kichwa. Wataalamu wa jarida la Lancet waliandika mwaka 2024 kwamba karibu 45% ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Basi motari anayevaa kofia ngumu na kumbeba abiria kichwa wazi (wako wengi) anacheza na ubongo wa mtu. Wala asidanganyike mtu kununua diclofenac sokoni ili azime moto huo. Dawa za aina hiyo zilijaribiwa kwa wazee, hazikuwalinda na kusahau, na zinaweza kudhuru tumbo na figo.

Kuna jambo la haraka zaidi. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku mbili tatu, huenda ana malaria au meninjiti, na hayo yanatibika akifika mapema. Familia inayompeleka kwanza chumba cha maombi, kutafuta nani amemroga, inapoteza siku hizo hizo. Mchungaji anayewapokea angewauliza kwanza: mmeshapita kituo cha afya?