Mnamsindikiza Vichwa Wazi?

Na Kukhu Khasoa

Jumamosi tulimzika kijana wa boda boda, na mpaka ninapoandika haya hasira haijaniisha. Aliumia kichwa. Kichwa tu: mikono mizima, miguu mizima, mbavu hazikuguswa. Na wenzake waliomtoa mochari, wakamsindikiza kwa barabara ya Kisumu hadi Khayega, kisha kushoto kuelekea Shinyalu, hakuna hata mmoja niliyemwona amevaa helmeti.

Nilikuwa kwenye matatu ya akina mama, nyuma ya gari la jeneza. Mbele yetu pikipiki zilikuwa zimejaza barabara, upande wa kwenda na wa kurudi. Matawi mikononi, honi hazinyamazi. Mmoja alisimama wima juu ya kiti, mikono kaiachia hewani. Mwingine kapakia wenzake watatu, na wa nyuma kabisa kageuka kututazama sisi, picha ya marehemu kaibandika kifuani. Lori la mchanga likatokea konani, likabidi lishuke nje ya lami. Wakashangilia.

Msafara uliposimama Khayega nikashuka, ile helmeti yangu mnayoiita sufuria ikiwa kwapani, nikamwendea yule wa kusimama juu ya kiti. Nikamwuliza yake iko wapi.

"Kukhu," akanijibu kwa adabu, macho chini, "leo tunampa heshima. Haifai kumsindikiza tukiwa tumejifunika."

Nilikosa la kumjibu pale pale, namjibu hapa. Heshima gani hiyo ya kumwonyesha mama aliyefiwa kwamba kifo cha mwanawe hakijakufunza lolote?

Maana huyo mama alinisimulia yote. Kijana aliteleza usiku, akagonga kichwa ubavuni, juu kidogo ya sikio. Aliinuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akatafuta simu yake. Watu wakasema ana bahati. Akakataa kupelekwa hospitali, akaenda kulala akilalamika kichwa kinamgonga. Alfajiri wakamsikia akikoroma mkoromo wasioujua. Kumwamsha, haamki.

Hapo juu ya sikio mfupa wa fuvu ni mwembamba, na ndani yake umepita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka na mshipa ukachanika, damu hujikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mtu anaweza kuongea vizuri, hata kwa saa kadhaa, huku damu ikiongezeka na ubongo ukibanwa. Kisha kichwa kinazidi kuuma, anatapika, anazubaa, mboni ya jicho moja inapanuka kuliko ya pili. Akiwahishwa, madaktari hutoboa fuvu wakaitoa hiyo damu, na wengi hupona. Kwa hiyo mtu akigonga kichwa msimwache alale eti apumzike. Mpelekeni hospitali hata akiwatukana.

Helmeti yake niliiona. Ilikuwa imetundikwa msumarini sebuleni, karatasi ya nailoni ya dukani bado imeshika kioo chake. Usiku ule ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Haikupata hata mkwaruzo.

Kisha kaburini mzee mmoja akashika kipaza sauti akasema ni mpango wa Mungu. Hapana, mzee wangu. Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence alianguka na pikipiki akiwa kichwa wazi, akafa baada ya siku chache. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakuishia kwenye pole. Alichunguza vifo vya wanajeshi waliokuwa wakipeleka barua kwa pikipiki, na mwaka 1941 jeshi la Uingereza likawalazimisha kuvaa helmeti. Leo tunajua kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Mungu ametupa na akili ya kufunga mkanda wa kidevu.

Sheria tunayo. Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinamtaka dereva na abiria wake wavae helmeti, na abiria awe mmoja. Kigali huwezi kupanda pikipiki ya abiria bila kukabidhiwa ya kwako. Kwetu serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zikafurika mpaka vijijini, na hakuna aliyejali kichwa cha kijana anayeziendesha. Akiona polisi anavaa, akiwapita anavua. Abiria naye anasema itamharibia nywele.

Lakini wiki hii ugomvi wangu ni nanyi wenyeviti wa steji za boda boda. Michango ilisomwa mbele ya kaburi: jeneza, hema, chakula, mafuta ya pikipiki za msafara. Mafuta ya msafara! Kijana alipokuwa hai, hilo daftari lenu halikuwahi kuandikwa shilingi moja ya helmeti ya abiria wake. Mazishi mengine yakija nitakuja, kama kawaida. Ila atakayepitisha bahasha ya mchango akiwa ameendesha kichwa wazi kutoka mochari, nitamrudishia ikiwa tupu, na sababu nitaitaja mbele ya wafiwa.