Haki Isipotelee Mlangoni

Ndugu wasomaji, mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo nyumba nyingi hulijua baada ya kuumia, nalo ni taratibu za kupeleka madai ya ardhi barazani. Wako watu wengi wanaopoteza mashamba yao hali haki wanayo. Huipoteza kwa kuwa waliomba kwa jina lisilostahili, au walibisha mlango usiokuwa wake, au walikwenda muda umekwisha pita.

Tuchukue mfano wa Kilimatinde katika Wilaya ya Manyoni, mji wa kale ulio juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambako Wajerumani walijenga boma lao kabla ya reli kufika Manyoni. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya Tanzania, mpaka wa shamba huweza kuwa mti au kichuguu, na shahidi wake ni mzee anayekumbuka. Mzee huyo akifariki, jirani husogeza jembe kidogo kidogo, na mjane hushtuka shamba limebaki nusu. Je, afanye nini?

Kwanza, na ajulikane anayedai. Shamba likiwa ni la marehemu na halijagawanywa, mjane hawezi kulidai kwa jina lake mwenyewe, wala mtoto mkubwa hawezi. Anayestahili ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo humpendekeza tu, lakini mwenye kumteua ni mahakama. Kwa mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au mila, Mahakama ya Mwanzo inayo mamlaka hayo. Tena msimamizi asidhani kwamba amekuwa mrithi wa yote, kwani amewekwa kuwalindia wenziwe.

Pili, mlango. Hapo zamani Baraza la Kata liliweza kutoa hukumu katika mgogoro wa ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 halihukumu tena mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Hata hivyo, mtu asilipite. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi dai la ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwa maandishi kwamba suluhu imeshindikana. Lakini zikipita siku 30 pasipo suluhu, mdai aweza kuendelea mbele bila ya hati hiyo. Wengi hawalijui hili, wakakaa miezi wakingoja karatasi.

Ombi la Baraza la Wilaya huandikwa, na yapasa liwe na mambo haya: majina na anwani za pande zote mbili, mahali ardhi ilipo, mgogoro ni wa nini na ulianzaje, thamani ya ardhi kwa makadirio, na kile ambacho mdai aomba apewe. Katika mambo hayo, lililowaangusha wengi ni mahali ardhi ilipo. Haitoshi kuandika "shamba langu la Kilimatinde". Andika kijiji na kitongoji, ukubwa wake, na nani au nini kipo mashariki, magharibi, kaskazini na kusini. Baraza haliwezi kumrudishia mtu shamba lisilojulikana lilipo.

Labda msomaji atauliza: Ikiwa aliyetwaa shamba si jirani bali ni halmashauri ya kijiji? Hapo mlango ni mwingine kabisa. Tangu mwaka 2020 sheria yaitazama serikali ya kijiji kuwa ni sehemu ya Serikali katika mashauri. Mdai hutoa kwanza notisi ya siku 90, kisha shauri hupelekwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa humo. Anayekwenda Baraza la Wilaya juu ya jambo hilo hupoteza nauli na ada yake bure.

Tatu, wakati. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Kwa ardhi ambayo marehemu aliishika mpaka kufa kwake, hesabu huanza siku aliyofariki, wala haingoji msimamizi ateuliwe. Hapa ndipo wakubwa wetu husema ngojangoja huumiza matumbo. Familia inayoona haya kuzungumza mirathi huku arobaini ikiwa imekwisha pita zamani, yajipunguzia miaka yenyewe.

Shauri likianza, kuhudhuria ni faradhi ya mwenye haja. Mdai asipofika, dai lake laweza kufutwa. Mdaiwa asipofika, laweza kusikilizwa upande mmoja. Aliyepatwa na hayo kwa udhuru wa kweli anazo siku 30 za kuomba amri ile iondolewe. Asiyeridhika na hukumu ya dai lililoanzia Baraza la Wilaya, rufani yake huenda Mahakama Kuu katika siku 45. Wala kukata rufani peke yake hakuzuii hukumu kutekelezwa. Zuio nalo huombwa.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa msaada huo bila malipo.

Vijana mnaojua kusoma na kuandika, kazi hii ni yenu. Ketini na wazee wenu wangali hai, zungukeni mipaka pamoja nao na majirani wakiwapo, mwandike na wote watie sahihi. Mali bila daftari huisha bila habari. Na likizuka neno, jaribuni suluhu kwa moyo safi kwanza, kwani baada ya hukumu jirani atabaki kuwa jirani, na njia ya kisimani ni ile ile moja.